Nusu Iliyosomeka Mbili

11 Novemba 1997, Kahama

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Bati la ofisi linavuja juu ya printa, kwa hiyo printa imehamia mezani kwangu na mimi nimehamia kwenye kiti cha wageni.

Leo nimepata imeili kutoka kwa Aslak, yule Mnorwe anayesimamia Plumo, programu ninayoandikia nyaraka zote za mradi wa afya. Ni programu ya bure. Wanaitengeneza watu waliotawanyika duniani, jioni wakishatoka kazini kwao, na yeyote anayeona kasoro au anayetaka nyongeza anaandika kwenye orodha yao ya barua, wanajibizana mpaka wakubaliane. Hozefa, mwenye duka la vifaa hapa Nyahanga, ndiye aliyeniletea kwa disketi sita, na simu ya duka lake ndiyo inayobeba barua zangu hadi Mwanza na kwenda zake huko ng'ambo.

Mwezi uliopita nililalamika kwamba nikiandika ng'ombe, Plumo inadhani nafungua nukuu na kuigeuza ile alama kichwa chini. Aslak anasema wamerekebisha, na jina langu, Pantaleo wa Kahama, litawekwa kwenye orodha ya waliosaidia. Nilimsomea Hozefa. Akacheka akisema, "Sasa wewe ni fundi wa dunia nzima, bwana, na ofisini kwako kunavuja."

19 Novemba

Bwana Marcel, mratibu wetu, anataka Karatasi ya Dawa iingie ukurasa mmoja badala ya miwili. "Stensili moja, karatasi moja, vijiji arobaini na kimoja," alisema. Nimebana safu za jedwali mpaka kila kisanduku kinabeba tarakimu moja tu. Kwenye kioo cha kompyuta linapendeza. Vidonge vya klorokwini kwa umri: chini ya mwaka mmoja, ½. Mwaka mmoja hadi mitatu, 1. Inaendelea hivyo mpaka mtu mzima, 4. Jioni niliipiga chapa kwenye stensili kwa printa, nikazungusha mashine ya durufu kutoa nakala hadi mkono ukafa ganzi.

24 Novemba

Karatasi zimeondoka kwa pikipiki ya mradi na kwa basi la Ushirombo.

2 Desemba

Mvua.

3 Desemba

Mvua. Simu ya Hozefa imekufa.

9 Desemba

Simu imepona. Kwenye orodha ya Plumo nimekuta barua ishirini na tatu za ugomvi kuhusu rangi ya vitufe. Nimezisoma zote kama mtu anayesoma magazeti.

Mageni, mhudumu wa afya wa kijiji cha Busenda, ameleta kikaratasi kwa mkono wa dereva wa lori la pamba. Mwandiko mkubwa, kila herufi imesimama peke yake. Anauliza kama jedwali la dawa ni sahihi, maana "mdogo anamzidi mkubwa". Sikuelewa anataka kusema nini. Nilifungua faili nikaangalia kwenye kioo, kila kitu kiko sawa. Nikamjibu nyuma ya kikaratasi chake: Tumehakikisha. Fuata karatasi kama ilivyoandikwa. Nikapiga muhuri.

25 Desemba

Misa, wali, kulala. Mvua haikujali sikukuu.

8 Januari 1998

Daraja la njia ya Busenda limechukuliwa na maji. Wachimbaji waliotoka machimboni wamejaa dukani kwa Hozefa wakinunua viatu vya mpira na karai, wanasema mashimo yamejaa maji mpaka juu. Malaria imepanda kila mahali. Maombi ya klorokwini yamerundikana mezani kwa Bwana Marcel.

21 Januari

Tabibu wa zahanati ya kata amefika kwa miguu, suruali imeloa hadi kiunoni. Busenda amekufa mtoto wa miezi minane, jina lake Limi, binti wa Boaz na Juliana. Alikuwa na homa. Mageni alimpa klorokwini, na kabla jua halijazama mtoto akapata degedege, akafariki. Tabibu aliuliza alipewa vidonge vingapi. Mageni akamjibu bila kuficha: viwili.

"Viwili, mtoto wa miezi minane," Tabibu alisema. "Hata mimi nikinywa vinne naona nyota."

Kijijini sungusungu, walinzi wa jadi, wamemtenga Mageni mpaka kesi yake isikilizwe. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kuchota naye maji, hakuna wa kumwamkia.

Bwana Marcel akaniambia niandike barua ya kumwondoa Mageni kwenye mradi kwa uzembe. Nimeiandika. Aya tatu. Nilikuwa nimemkasirikia kweli mama yule. Nilijiuliza ni mtu gani asiyejua kusoma nusu.

22 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa natafuta karatasi ya kufuta maji mezani. Nikachukua moja ya zile Karatasi za Dawa zilizobaki baada ya durufu, na macho yakaangukia kwenye jedwali. Chini ya mwaka mmoja, 2. Mwaka mmoja hadi mitatu, 1.

Nikadhani sijaamka vizuri. Nikafungua kompyuta. Kwenye kioo, ½, safi kabisa. Nikapiga chapa nakala nyingine hapo hapo. 2. Nikaipanua safu, nikapiga tena. Ikatoka 1/2, kwa tarakimu mbili na mkwaju katikati. Nikaibana. 2. Nikaipanua, nikaibana, nikaipanua. Nadhani nilifanya hivyo mara kumi na tano, printa inalia kama cherehani, na kila mara jibu ni lile lile. Safu ikiwa nyembamba, nusu inakuwa mbili.

Ndipo nikakikumbuka kikaratasi cha Mageni. Mdogo anamzidi mkubwa. Aliona. Aliona siku ya kwanza alipoipata, akauliza ofisini, na ofisi ikamjibu kwa muhuri. Mimi niliangalia kioo. Yeye alikuwa anaangalia karatasi. Hakuna siku hata moja niliyoishika karatasi yenyewe nikaisoma.

Nilimpelekea Bwana Marcel nakala zote mbili, ya 2 na ya 1/2, nikamwambia pia nilivyomjibu Mageni kwa muhuri. Alizitazama, akazipindua, akazitazama tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi tutachapa mpya, tuzibadilishe taratibu pikipiki ikipata njia."

"Mzee, vijiji arobaini vina karatasi hii leo. Pikipiki itapata njia lini?"

"Tukitangaza, nani atakunywa dawa yetu tena? Na wafadhili wanakuja mwezi wa tatu. Pantaleo, nina vijiji arobaini vinavyotegemea mradi huu. Fikiri."

Nilifikiri hadi saa tano, kisha nikaenda kwa Hozefa. Nilimweleza mbele ya mafundi na wateja wake. Alisogeza simu upande wangu. Niliwapigia masista wa Ushirombo, ambao wana redio ya mawasiliano na zahanati zote za upande ule, nikawaomba watangaze kwamba mtoto chini ya mwaka apewe nusu kidonge, na kwamba karatasi yetu ina kosa. Sista aliyepokea aliniuliza kosa ni la nani. Nikataja jina langu.

Kabla ya kufunga duka nikaiandikia orodha ya Plumo. Nilieleza jedwali, safu, printa na stensili. Sikumtaja mtoto. Sijui kwa nini. Labda niliona aibu.

27 Januari

Aslak amejibu: "Printa yako haina alama ya nusu. Hiyo si kasoro ya Plumo. Kwenye kioo kila kitu kiko sawa. Nimeliweka jambo hili daraja la chini, lisubiri."

Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Ni yale yale. Kwenye kioo kila kitu kiko sawa.

28 Januari

Masista wamepata majibu ya zahanati zote isipokuwa nne. Hakuna kifo kingine kilichoripotiwa. Watoto wawili huko upande wa Chato walitapika sana, wamepona. Bwana Marcel amejua nilichofanya. Hasemi nami.

30 Januari

Kwenye orodha kuna mama mmoja wa Brazili, Noêmia, aliyeniomba faili lenyewe. Nimelituma. Simu ilikatika mara tatu.

3 Februari

Noêmia amelipata kosa. Amelirudia kwenye mashine yake na kulieleza vizuri mpaka hata Hozefa akaelewa. Plumo ikikuta printa isiyokuwa na alama ya ½, inaweka 1/2 badala yake. Hizo ni herufi tatu. Nafasi ikiwa ya herufi moja, inakata kuanzia kushoto, kimya kimya, na kinachobaki ni 2.

Baada yake walijibu wengine. Mmoja aliuliza ni nani anayebana safu kiasi hicho. Mwingine alisema ombi langu, kwamba programu imwonye mtu kabla ya kupiga chapa, litawaudhi watumiaji, maana watachoka kubonyeza. Wa tatu alipendekeza jambo hili lisubiri toleo la mwaka kesho. Barua kumi na moja, zote za adabu, na hakuna aliyekosea kwa namna yake.

Nikaandika tena. Safari hii niliandika kwamba jedwali lilikuwa la dawa, kwamba mtoto aliitwa Limi, kwamba alikuwa na miezi minane. Niliandika pia kwamba mtu mmoja aliliona kosa kabla, akauliza, nami nikamjibu kama ninavyojibiwa sasa. Mistari sita tu. Hozefa aliituma mwenyewe.

4 Februari

Kimya.

5 Februari

Kimya. Mvua.

6 Februari

Kimya. Bwana Marcel ameniita. Sauti yake ilikuwa laini. Anataka niende Busenda kuchukua karatasi yao na kile kikaratasi chenye muhuri wetu. "Usiulize mengi. Kichukue tu." Nikamjibu nitakwenda.

9 Februari, Busenda

Siku mbili njiani. Baiskeli niliibeba mimi zaidi ya ilivyonibeba.

Nyumba ya Mageni iko mwisho wa kijiji, karibu na majaruba ya mpunga. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mrefu, kanga imefungwa kiunoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Alitazama nyuma yake kwanza kuona kama kuna mtu mwingine ninayemsalimia. Kisha akasema marahaba, polepole, kama neno aliloanza kulisahau.

Jiko lake lilikuwa la baridi. Amekuwa akila viazi vibichi na karanga, maana kiberiti kililoa na hakuna wa kumpa kaa la moto. Niliwasha kwa kiberiti changu. Tukakaa tukiutazama moto.

Nilimwambia kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikaratasi kimekunjwa ndani ya nailoni, akanipa bila kuulizwa.

"Mama, mbona hukuwaonyesha sungusungu hiki?"

"Kina muhuri," alisema. "Niliona ni cha kunihukumu mimi. Kimesema nifuate, na mimi nilifuata. Lakini mkono uliompa mtoto dawa ni huu. Moyo wangu ulikataa, nikaushinda kwa sababu ya kikaratasi. Hilo ndilo linaloniuma, siyo moto."

Ningeweza kuondoka nacho. Baiskeli ilikuwa pale.

10 Februari, Busenda

Kesi ilisikilizwa leo kwenye uwanja wa shule. Wanaume pekee, labda mia moja, wamesimama kwa duara na fimbo zao. Mageni alikaa chini katikati. Boaz, baba wa mtoto, ni kijana mwembamba. Alikuwa amesimama karibu na mtemi wa sungusungu na hakuinua macho.

Nilisalimia, "Mwadila," wakaitikia. Nikaeleza mimi ni nani. Nikawaonyesha karatasi ile na nikajaribu kueleza kompyuta, printa na safu nyembamba, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma changu kibovu, mpaka nikaona nimewapoteza. Ndipo Boaz aliponisogelea.

"Hiyo mashine ilijua kwamba inabadilisha?"

"Haikujua."

"Na wewe ulijua?"

"Sikujua," nilisema. Kisha nikasema, "Lakini niliulizwa."

Mtemi akainua mkono watu wanyamaze. "Uliulizwa na nani?"

"Na huyu mama mliyemkalisha chini."

Nikakifungua kikaratasi nikasoma pande zote mbili, swali lake na jibu langu. Nikampa mtemi auone muhuri. Kilizunguka mkono kwa mkono, hata wasiojua kusoma walikishika na kukitazama. Ilichukua muda mrefu sana. Nilidhani watanipiga, na nafikiri wapo waliotaka.

Waliteta pembeni. Mtemi akarudi akasema Mageni apewe moto na maji kuanzia sasa. Kuhusu mimi alisema, "Sisi wanaume umetuambia. Mwenye mtoto hujamwambia. Nenda nyumbani kwa Boaz ukamwambie mama wa mtoto kama ulivyotuambia, usipunguze."

Juliana alikuwa anapepeta mpunga nje ya nyumba. Hana zaidi ya miaka ishirini. Nilimwambia. Hakulia. Aliniomba nimwonyeshe hiyo namba, kwa sababu hakusoma shule. Nikamwonyesha 2, akaweka kidole juu yake.

"Na nusu inaandikwaje?"

Niliokota kijiti nikaichora kwenye udongo wenye unyevu, kubwa. Akaitazama, akaitazama karatasi, akairudia ile ya chini.

"Hazifanani hata kidogo," alisema.

Akarudi kwenye ungo wake. Nilisimama pale nisijue kama nimeruhusiwa kuondoka.

14 Februari, Kahama

Nimemwambia Bwana Marcel kwamba kikaratasi kiko kwa mtemi wa Busenda. Barua yangu ya kuachishwa kazi ameiandika kwa mkono, maana hakuna mwingine anayejua kutumia mashine. Aliponipa alisema, "Sikuchukii, Pantaleo." Namwamini. Nilimwomba aifute ile barua niliyomwandikia Mageni. Amesema ataangalia.

15 Februari

Hozefa amenipa meza dukani kwake, kati ya ndoo na mabomba, na kompyuta na printa yake nizitumie. Nitawaandikia watu barua na kupiga chapa.

Kulikuwa na imeili ya Aslak, ya tarehe saba. Anasema alisoma barua yangu akazima mashine, akatembea kwenye theluji mpaka usiku, na kwamba ana binti wa mwaka mmoja. Anasema "daraja la chini" ni maneno aliyoyaandika mara elfu bila kufikiri. Hakuniomba nimsamehe, na nashukuru. Mwishoni aliweka rekebisho. Nimelijaribu. Nafasi ikiwa haitoshi, Plumo inagoma kupiga chapa.

2 Machi

Mvua haijapumzika. Wafadhili hawajafika, barabara hazipitiki. Nimeandika maombi manne ya leseni za uchimbaji na mwaliko mmoja wa harusi. Kila karatasi naisoma kwa kidole kabla ya kumpa mwenyewe. Wateja wanasema nachelewesha.

19 Machi

Nimemwota yule mtoto ambaye sikuwahi kumwona.

6 Aprili

Ubishi kwenye orodha umekwisha. Onyo litawekwa, na wengi wamekubali, hata yule aliyesema watu watachoka kubonyeza. Noêmia anataka maneno ya Plumo yatafsiriwe kwa Kiswahili na ameniomba mimi. Kuna mistari mia nne. Nimeanza na huo wa onyo na umenishinda. Kwa Kiingereza wameandika tu kwamba kuna kosa la kupiga chapa. Nimeandika "Kosa", nimefuta. Nimeandika "Hitilafu", nimefuta.

23 Aprili

Leo Mageni amekuja Kahama kwa lori. Alikuwa na sanduku la dawa la mradi kichwani, lile la bati lenye msalaba. Amelirudisha ofisini. Ile barua kumbe ilifutwa, na Bwana Marcel mwenyewe alimwomba aendelee. Amekataa.

"Watu wananipa moto," aliniambia akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunywa chai ya Hozefa. "Wananisalimia. Juliana mwenyewe alinipitia kwenda kisimani. Lakini homa ikiingia nyumba ya mtu, naona wanavyonitazama mikono. Na mimi naitazama. Atafutwe mwingine."

Sikumbishia. Nilimwambia kuhusu ile sentensi iliyonishinda. Nilimweleza kwamba mashine ikiona inataka kuharibu itamwambia mtu kabla, ila sijui imwambieje. Nimwandikie "kosa"?

Akafikiri. "Ukimwambia kosa, atadhani ni la mwenzake. Mwambie asimame kwanza."

Nikaandika. Nikamsomea: Simama. Kitakachotoka kwenye karatasi sicho ulichoandika.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Alikitazama kioo kwa mbali, hakukisogelea.

"Sasa itoe," alisema.

Nikaipiga chapa. Akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikimchezacheza. Hozefa aliacha kuhesabu misumari. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akaisoma tena yote.

"Ndivyo ilivyo," alisema, akanirudishia, akatoka kuwahi lori.